Nani kalipa? Uchaguzi uliofutwa Romania, na mitandao ya kijamii katika nchi zilizotoka kwenye ukomunisti

Wanajukwaa, salamu kwenu.

Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Katiba ya Romania iliufuta uchaguzi wa rais ukiwa umefika katikati. Duru ya kwanza ilikuwa imepigwa tarehe 24 Novemba, duru ya pili ilisubiriwa tarehe 8 Desemba, na Waromania waishio ng'ambo walikuwa wamekwisha kuanza kupiga kura zao siku ileile majaji walipotoa uamuzi. Mahakama hiyohiyo, siku nne tu nyuma, ilikuwa imeyathibitisha matokeo ya duru ya kwanza baada ya kuagiza kura zihesabiwe upya. Katika siku hizo nne hesabu ya kura ilibaki vilevile. Jambo jipya ni kwamba tarehe 4 Desemba Rais Klaus Iohannis aliruhusu nyaraka za vyombo vya usalama zitolewe hadharani, nazo zilieleza namna mgombea mmoja alivyopandishwa juu katika TikTok.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kila habari hii inapozungumzwa huwa inagawanywa vipande viwili, kila mtu akashika chake. Mmoja husema ni Urusi tu iliyoingilia, na mwingine husema wakubwa wa Ulaya walimnyang'anya mtu ushindi wake. Yote mawili yana sehemu ya ukweli ndani yake, lakini yote mawili yanakiruka kile ninachokiona kuwa kiini chenyewe, yaani kwamba mpigakura wa Romania hakuambiwa ni nani aliyelipia maneno aliyokuwa akiyasikia, na kwamba kutoambiwa huko kulianza miaka mingi kabla TikTok haijazaliwa. Kwa kuwa baadhi yenu mmeshachangia, nimeongeza humu majibu yangu kwa watatu: aliyeuliza kama mahakama ilifanya haki, aliyesema nchi hizi hazijakomaa, na aliyetaka matangazo ya kisiasa yapigwe marufuku.

Mgombea huyo ni Călin Georgescu. Aligombea bila chama, akatangaza kwa maandishi kwamba hakutumia hata senti moja katika kampeni, na kura za maoni hazikumweka popote karibu na ushindi. Alipata takribani asilimia 23, zaidi ya kura milioni 2.1, akawa wa kwanza. Nyuma yake alikuja Elena Lasconi, mgombea wa chama cha upinzani cha USR, ambaye alimpita Waziri Mkuu Marcel Ciolacu kwa kura zisizofika 3,000. Kwa mara ya kwanza tangu ukomunisti uanguke, chama cha Ciolacu, ambacho ndicho kilichozoea kutawala nchi hiyo, hakikuwa na mtu katika duru ya pili. Ukitaka kuelewa hasira iliyokuwamo nchini, anza na kura hizo chache, kwa maana hata bila Georgescu wananchi walikuwa wameshawachoka waliozoea kuwaongoza.

Turudi nyuma kidogo

Huwezi kuelewa kwa nini Mromania anaiamini simu yake kuliko taarifa ya habari ya saa mbili usiku bila kujua ametoka wapi. Mjomba wangu alikwenda Bucharest kusoma katika miaka ya 1980, kama vijana wengi wa Afrika waliopelekwa nchi za kisoshalisti enzi hizo. Alikuwa akitusimulia kwamba televisheni ilirusha matangazo kwa saa mbili tu kwa siku, na sehemu kubwa ya saa hizo mbili ilikuwa ni Nicolae Ceaușescu, dikteta aliyeitawala nchi, na mkewe wakizindua jambo hili au lile. Tangu mwaka 1983 sheria iliwataka watu wenye mashine za kupiga chapa waziandikishe polisi na kutoa sampuli ya herufi zake, ili karatasi yoyote ya uchochezi ikiokotwa ijulikane imetoka kwa nani. Watu walisikiliza redio za nje kwa sauti ya chini, madirisha yakiwa yamefungwa. Serikali ilimjua kila mwandishi, lakini msomaji hakuwa na njia ya kujua kitu chochote kuhusu serikali.

Kisha ikaja tarehe 21 Desemba 1989, Ceaușescu akihutubia umati mubashara, umati ukaanza kupiga kelele, na nchi nzima ikaona uso wake ukibabaika kabla matangazo hayajakatwa. Kesho yake alikimbia kwa helikopta. Kwa siku zilizofuata mapinduzi yaliendeshwa kutoka katika studio ya televisheni, na Waromania wakajifunza mapema kuliko wengine kwamba anayeishika picha huishika nchi.

Somo hilo halikusikiwa na wananchi peke yao. Katika miaka iliyofuata matajiri walijinunulia vituo vya televisheni, baadhi yao wakiwa wanasiasa na baadhi wakiwa na kesi mahakamani. Vyama vikubwa navyo vikaanza kutumia ruzuku wanayopewa na serikali kulipa magazeti, tovuti na vituo hivyo, mara nyingi bila msomaji kuambiwa kwamba habari anayosoma imelipiwa. Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Fedha ya umma ilitoka hazina, ikaingia katika chama, ikatoka katika chama na kuingia katika chombo cha habari, na mwisho wa safari ikamfikia mwananchi ikiwa imevaa nguo ya habari. Aliyegundua hivyo mara moja hakuamini tena, na sidhani kama kuna haki ya kumlaumu.

Miaka ambayo simu iliokoa

Katika kipindi hicho mitandao ya kijamii ilikuwa nafuu kubwa, na ninasisitiza jambo hili kwa sababu siku hizi imekuwa kawaida kuizungumzia kama ugonjwa mtupu. Mwaka 2013 kampuni ya madini iliyotaka kuchimba dhahabu kwa sumu ya sianidi huko Roșia Montană, katika milima ya Transylvania, ilikuwa imejaza matangazo yake katika vyombo vya habari, na vyombo hivyo vikawa vizito kuripoti upinzani. Vijana wakaitana kwa Facebook, wakaandamana kila Jumapili kwa majuma mengi, na muswada uliokuwa ukiupendelea mgodi huo ukakataliwa bungeni. Mwaka 2014, katika uchaguzi wa rais, Waromania wa Paris, London na Munich walipigwa picha wakiwa wamepanga foleni kwa saa nyingi nje ya balozi zao, na wengine milango ikafungwa kabla hawajapiga kura. Picha hizo zilisambaa nyumbani, hasira ikawatoa watu majumbani, na Iohannis akamshinda Waziri Mkuu Victor Ponta ambaye wengi walidhani amekwishashinda.

Mwaka 2015 klabu ya muziki iitwayo Colectiv iliungua jijini Bucharest, wakafa watu 64. Siku chache tu baada ya moto huo, maelfu ya watu waliokuwa wakiitana mitandaoni walimlazimisha Ponta, aliyekuwa bado Waziri Mkuu, kujiuzulu. Kisha usiku wa tarehe 31 Januari 2017 serikali ilipitisha amri ya dharura iliyopunguza makali ya sheria dhidi ya matumizi mabaya ya madaraka. Ilipitishwa usiku, watu wakidhaniwa wamelala. Lakini kabla hakujapambazuka uwanja wa Piața Victoriei, mbele ya jengo la serikali jijini Bucharest, ulikuwa na watu, na kufikia tarehe 5 Februari waandamanaji nchi nzima walikadiriwa kufika nusu milioni, wakiinua simu zao zikiwaka taa. Amri ilifutwa siku hiyohiyo.

Katika matukio yote hayo kuna jambo moja la kuangalia, nalo ni kwamba aliyekuita ulimfahamu. Alikuwa ni mwanafunzi mwenzako, binamu aliyeko Torino, Italia, au jirani wa ghorofa ya tatu. Wito ulipita kutoka mkono hadi mkono, na ukitaka kujua umetoka wapi uliweza kuufuata nyuma hatua kwa hatua.

Mwaka 2024 ulivyokuwa tofauti

TikTok haifanyi kazi kwa njia hiyo. Facebook ya mwaka 2013 ilikuletea hasa yale ya watu uliowachagua. TikTok hukuletea kile ambacho algoriti, yaani programu yake ya kuchagua video, imekisia kwamba kitakushika macho, na haijali kama unamfahamu aliyekitengeneza. Romania ina watu takribani milioni 19, na watumiaji wa TikTok wanakadiriwa kuwa karibu milioni 9. Kwa hiyo mtu anayejua kuichokoza algoriti hiyo hahitaji chama, tawi, kadi, wala mkutano wa hadhara.

Nyaraka zilizotolewa tarehe 4 Desemba zilitaja mtandao wa akaunti takribani 25,000 zilizoamka kwa pamoja katika majuma mawili ya mwisho kabla ya kura, nyingine zikiwa zimefunguliwa tangu mwaka 2016 na kukaa kimya muda wote huo. Zilitaja pia akaunti moja iliyowalipa watu jumla ya dola 381,000 kwa mwezi mmoja kwa ajili ya kumsambaza mgombea ambaye kwa maandishi yake mwenyewe hakutumia kitu. Video zake hazikubeba alama ambayo sheria ya uchaguzi inaitaka kwenye kila chombo cha kampeni. Zilipita kana kwamba ni burudani, akiwa juu ya farasi, akivaa mavazi ya jadi, akizungumzia udongo, mkate na Mungu.

Kuna kisa kimoja ndani ya kisa hicho ambacho ningependa kila mtu akijue. Washawishi wa mitandaoni waliajiriwa kupitia kampuni ya kuwatafutia kazi, wakapewa maelezo ya kusema ni sifa gani rais ajaye anapaswa kuwa nazo, kwamba awe mwadilifu, mtulivu, mzalendo, bila kutaja jina la mtu. Chini ya video hizo, katika maoni, jina la Georgescu likamwagwa kama mvua. Mwezi huohuo wa Desemba tovuti ya uchunguzi iitwayo Snoop iliripoti, kwa kutegemea taarifa za mamlaka ya kodi, kwamba mojawapo ya kampeni hizo ililipiwa na Chama cha Kiliberali cha Taifa, chama cha Rais Iohannis mwenyewe. Chama hicho kilikanusha kwamba kilikusudia kumsaidia Georgescu. Nami sisemi kwamba kilikusudia. Nasema kwamba hata wale waliokuwa madarakani walikuwa wamezoea mno kulipa kwa kificho, kiasi kwamba fedha yao iliweza kumnufaisha mpinzani wao, na hakuna mpigakura aliyeweza kuliona jambo hilo likitendeka.

Kwa mchangiaji aliyeuliza kama mahakama ilifanya haki

Swali lako ni zito, na nitalijibu bila kuzunguka. Naona mahakama ilikuwa na sababu ya kuingilia, lakini njia iliyotumia iliwadhuru wale waliotakiwa kulindwa. Ushahidi uliowekwa hadharani siku ile ulikuwa ni muhtasari wa vyombo vya ujasusi, wenye madai mengi na uthibitisho mchache, na uliipa Urusi nafasi kubwa bila kuonyesha mnyororo wa fedha kutoka mwanzo hadi mwisho. Tume ya Venice, ambayo ni chombo cha ushauri wa kikatiba cha Baraza la Ulaya, ilisema mwezi Januari 2025 kwamba kufuta uchaguzi kusitegemee taarifa za siri za kijasusi peke yake. Lasconi, ambaye naye alikuwa amefika duru ya pili na angeweza kunufaika, aliupinga uamuzi huo waziwazi.

Mtu aliyezaliwa katika nchi ambako idara ya usalama ilijua herufi za mashine yako ya chapa anapoambiwa kwamba kura yake imefutwa kwa sababu ya taarifa za idara ya usalama, unategemea afikiri nini? Sitetei alichokisema Georgescu katika kampeni, na kuwasifu kwake viongozi wa kifashisti wa miaka ya vita ni jambo linalotisha. Lakini wale milioni mbili hawakuwa mashine. Baadhi yao walikuwa madereva wa malori, watunza wazee na mafundi ujenzi walioko Italia, Hispania na Ujerumani, watu ambao chama chochote huwakumbuka siku ya uchaguzi tu, na simu ndiyo kijiji chao kilichobaki. Wanastahili jibu lililoandikwa kwa ukamilifu, lenye majina na hesabu.

Uchaguzi uliporudiwa mwezi Mei 2025, Georgescu akiwa amezuiwa kugombea, George Simion, kiongozi wa chama cha mrengo mkali wa kulia cha AUR, alichukua nafasi yake na kupata karibu asilimia 41 katika duru ya kwanza, akimwacha mbali Nicușor Dan, mtaalamu wa hisabati na meya wa Bucharest aliyepata asilimia 21. Majuma mawili baadaye Dan alishinda kwa asilimia 53.6. Waliojitokeza walikaribia asilimia 65, kutoka asilimia 53 za duru ya kwanza. Hawakutoka kwa sababu TikTok ilizimwa, maana haikuzimwa. Walitoka kwa sababu safari hii walijua mapema nani anagombana na nani, na wagombea wote wawili waliweza kuulizwa maswali uso kwa uso.

Kwa aliyesema kwamba tatizo ni nchi hizi kutokukomaa kidemokrasia

Ndugu yangu, hapa sikubaliani nawe hata kidogo. Nchi hizi zimetoka katika nyumba moja, lakini kila moja imepita njia yake.

Chukua Hungaria. Mwishoni mwa mwaka 2018 wamiliki waliokuwa karibu na chama tawala cha wakati huo, Fidesz, walikusanya mamia ya magazeti, redio na tovuti, wakayaweka chini ya taasisi moja iitwayo KESMA. Katika nchi ambako gazeti la kila mkoa linasema sauti moja, mtandao ndio dirisha lililobaki wazi. Mwezi Februari 2024 Péter Magyar, aliyekuwa mtu wa ndani wa mfumo huo, alikwenda kuzungumza katika chaneli ya YouTube iitwayo Partizán, na miezi minne baadaye chama chake cha Tisza kikapata karibu asilimia 30 katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Anayetaka kuibana mitandao huko kwa jina la kuilinda demokrasia aeleze kwanza raia watasikilizana wapi.

Belarus ni kisa kichungu zaidi. Baada ya uchaguzi wa rais wa tarehe 9 Agosti 2020 serikali ilikata intaneti kwa siku tatu, na watu wakategemea chaneli iitwayo NEXTA katika Telegram, programu ya kutumiana ujumbe, iliyoendeshwa kutoka Warsaw na kufikia wafuasi zaidi ya milioni 2, katika nchi ya watu wasiozidi milioni 10. Pia walituma picha za karatasi zao za kura katika jukwaa la mtandaoni la Golos ili zihesabiwe kando ya hesabu ya serikali. Yalikuwa ni mambo ya ujasiri mkubwa. Lakini mahakama iliitangaza NEXTA kuwa ya msimamo mkali, na tangu hapo polisi wakikamata simu hufungua kwanza orodha ya chaneli unazofuata. Kilichowakusanya watu mwezi Agosti kiligeuka kuwa ushahidi dhidi yao miezi michache baadaye. Mashine ya chapa imerudi, na safari hii kila mtu ameibeba mfukoni.

Moldova ndiyo iliyo karibu zaidi na mada yangu ya fedha. Katika kura ya maoni ya tarehe 20 Oktoba 2024 kuhusu kujiunga na Umoja wa Ulaya, upande wa ndiyo ulipata asilimia 50.35, pumzi moja tu juu ya nusu. Polisi wa nchi hiyo walisema watu zaidi ya 130,000 walikuwa wameingizwa katika mtandao wa kununua kura uliohusishwa na Ilan Șor, mfanyabiashara aliyekimbia nchi baada ya kuhukumiwa kwa wizi wa benki, na maelekezo yalitolewa kwa Telegram huku fedha zikipita katika benki ya Urusi. Moldova haikufuta kura. Polisi walifuatilia fedha, wakatangaza walichokipata wakati kampeni ikiendelea, na wananchi wakapiga kura wakiwa wanajua.

Neno kuhusu matangazo, kisha nitasikiliza

Mchangiaji mwingine amependekeza kwamba matangazo ya kisiasa mitandaoni yapigwe marufuku kabisa. Kwa Ulaya jambo hilo limekwisha kutokea kwa njia ya mzunguko. Tarehe 10 Oktoba 2025 kanuni mpya za Umoja wa Ulaya zilianza kutumika, zikitaka kila tangazo la kisiasa lioneshe nani amelilipia na kiasi gani. Google na Meta, mmiliki wa Facebook, badala ya kuzitimiza kanuni hizo, ziliamua kuacha kabisa kuuza matangazo ya kisiasa katika nchi za Umoja huo. Wengi walifurahi. Mimi sikufurahi, na sababu yangu ni Romania yenyewe, kwa kuwa TikTok ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya kisiasa ya kulipia tangu mwaka 2019, miaka mitano kabla ya Georgescu. Marufuku ilikuwapo, na fedha ilipita palepale kupitia kwa washawishi, zawadi na akaunti zilizolala.

Sasa mgombea wa udiwani wa mji mdogo kama Vaslui huko Romania, asiye na chama kikubwa, aliyekuwa tayari kulipa kiasi kidogo kwa jina lake mwenyewe ili majirani wamwone katika Facebook, hana tena mahali pa kulipa kwa uwazi. Anayelipa kwa kificho hajafungiwa mlango wowote.